Altaneta ya Zein

Khubaib alikuwa na miaka sitini na mitatu, na arobaini kati ya hiyo aliimaliza ameinama kwenye boneti za magari ya watu. Ukimkuta barazani kwao Kuze siku ya Ijumaa, kanzu imepigwa pasi na kofia imekaa sawa, ungemdhania mwalimu wa madrasa, mpaka akupe mkono. Hapo ndipo ungeona weusi wa grisi ulioingia kwenye mistari ya viganja ukakataa kutoka. Kila asubuhi alipanda tuktuk mpaka Kibarani, pale palipokuwa jaa la taka la mji mzima na ambapo siku hizi pamepandwa miti, akafungua banda lake la mabati. Ubao wa nje uliandikwa kwa rangi ya buluu: UMEME WA MAGARI. Jina hakuliweka. Alisema anayemtaka anamjua.

Hakuanza kazi peke yake. Baba yao, Mungu amrehemu, alikuwa na gereji Makupa, na alifundisha vijana wake wawili ufundi mmoja: Khubaib na mdogo wake Zein. Khubaib alikuwa mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa mdomo. Zein alikuwa mpole, mtu wa kuketi na waya mmoja saa nzima, na alipomaliza kuuunga hukuweza kuona ulikatika wapi. Baba alipofariki gereji ilibaki ya wote wawili. Watu walisema tu, "Lipeleke kwa wale ndugu," na hawakujali nani kati yao atalishika.

Kilichowatenganisha kilichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha kahawa. Miaka kumi na miwili iliyopita mfanyabiashara mmoja aliwaletea gari jipya, la aina hii yenye kompyuta ndani, betri haichaji. Asubuhi Khubaib akalipima kwa kipimo cha baba: unawasha injini, ikishatulia unachomoa waya wa betri hivi hivi inavyonguruma. Ikiendelea, altaneta, ile inayoichaji betri, ni nzima. Ikizima, imekufa. Magari ya zamani yalikivumilia kipimo hicho, na mafundi wa umri wake walikua nacho wote. Adhuhuri Zein akakaa kwenye gari lilelile kuunga waya uliolegea. Kufika laasiri gari halishiki tena, kompyuta imeungua, na mwenye gari amekuja juu. Khubaib akamgeukia nduguye mbele ya mwenye gari, mbele ya mafundi wa kulia na kushoto na mama muuza chai, akasema kwa sauti, "Ni huyu! Mkono wake ni wa kuziba masufuria, na mimi mjinga kila siku nampa magari."

Zein alinawa mikono, akatundika ovaroli yake kwenye msumari, akatoka. Baadaye akafungua kibanda chake karibu na Feri, na gereji ya baba hakuikanyaga tena mpaka ikauzwa.

Sasa lililo baya zaidi ni hili. Miaka minne baada ya siku hiyo Khubaib alirudia kipimo kilekile kwa gari jingine la kisasa. Alikuwa peke yake, hakuna mwengine aliyeligusa. Gari likafa kifo kilekile. Alisimama na waya mkononi jasho likimtoka, akajua aliyeunguza lile la kwanza ni nani. Nyumba ya Zein iko uchochoro wa tatu kutoka kwake, dakika nne kwa mtu mwenye goti bovu. Hakwenda.

Ungetamani kumshika mabega umtikise. Kwanza alisema atangoja Ramadhani, mwezi wa kusameheana. Ramadhani ikaja na ikenda, akasema Idi. Idi ikapita, akasema hawezi kuingia kwa mtu baada ya miaka yote hiyo mikono mitupu kama aliyepotea njia. Ijumaa waliswali msikiti mmoja, safu mbali mbali. Walitoleana salamu mlangoni, kisha kila mmoja akainama kutafuta viatu vyake kwa muda mrefu kuliko viatu vilivyohitaji.

Waliobaki wakisikizana ni wake zao. Swabaha, mke wa Khubaib, akipika kaimati, sahani ilikwenda kwa Ummukulthum, mke wa Zein. Na Kuze sahani ya jirani hairudishwi tupu. Kama huna halwa utaweka maembe, na kama huna maembe utaweka sukari gao la mkono, lakini tupu hairudi. Sahani zile zilivuka vichochoro miaka yote kumi na miwili, na waume zao wakala vilivyomo bila kuuliza vimetoka wapi. Labda ndipo Khubaib alipopata fikra yake kwamba hata msamaha hauombwi bila kitu mkononi.

Kisha Zein akaugua. Moyo wake ulikuwa umechoka, miguu ikavimba, na tangu Shaabani hakutoka kitandani ila kwa kushikwa. Hospitali walimpa vidonge na miadi, wakamwambia apumzike. Khubaib akapeleka machungwa kwa mkono wa Swabaha, akasema Ijumaa atakwenda mwenyewe. Zikapita Ijumaa tatu.

Jumatatu asubuhi, gari jeupe likaja polepole likasimama mbele ya banda la Kibarani. Alilitambua kuwa la Zein kabla halijazima. Aliyeshuka ni Jana, binti wa Zein, mwalimu wa shule ya chekechea, buibui limeingia vumbi pindoni.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Babako yuwaendeleaje?"

"Alhamdulillahi. Hulala kwa kuketi. Akilala tini pumzi yamkatika." Akatoa ufunguo mkobani. "Kanituma yeye. Gari halichaji, ami. Juzi na jana nimesukumwa na watu nisiowajua mpaka nikaona haya. Kasema nilete kwako."

"Kwangu?"

"Kwako. Nimemwambia wako mafundi tele pale Feri, wamjua. Kakasirika. Kasema, 'Mpelekee ami yako Khubaib, na asiliguse mwengine.'"

Khubaib akageuka akaanza kutafuta spana ambayo hakuihitaji. Miaka minane alikuwa akitafuta kitu cha kuingilia nacho katika nyumba ile, na kitu chenyewe kimemjia kikiendeshwa mpaka mlangoni. Macho yakamjaa machozi, akayafuta kwa mkono wa shati ili binti asione.

Akafungua boneti. Betri ni kama mtungi na altaneta ni mfereji unaoujaza. Injini ikiwaka mfereji hutiririka, na mita hukuonyesha. Akagusa betri kwa mita injini ikinguruma: volti kumi na mbili na nukta moja. Ilipaswa kufika kumi na nne. Mfereji umefunga. Akabonyeza mkanda unaoizungusha altaneta, umekaza vizuri. Akazima, akageuza ufunguo hatua moja, akatazama dashibodi. Ile taa nyekundu yenye picha ya betri, ambayo huwaka ufunguo ukigeuzwa na kuzima injini ikishika, haikuwaka kabisa.

"Balbu imekufa," alisema. Gari lilikuwa la zaidi ya miaka ishirini, redio imekufa, saa imekufa, basi na balbu nayo ife ni ajabu gani. "Babako amelitazama mwenyewe?"

"Jumamosi. Tulimshika huku na huku mpaka garini. Kaketi kiti cha dereva kama nusu saa, kainama kule tini ya usukani, kashika shika. Kisha kasema ameshatazama kila kitu, tumrudishe. Siku nzima hakuweza kusema kwa kuchoka."

Hapo ndipo Khubaib alipokosea, na ni kosa ambalo fundi mbovu asingelifanya. Fundi mbovu angeanza na fyuzi, vile vijipande vidogo vya rangi vilivyopangwa katika kisanduku chini ya usukani, kwa sababu huko ndiko kila mtu huanzia. Ni kazi ya dakika mbili. Lakini Khubaib alisikia kwamba Zein ameketi nusu saa na kisanduku hicho, na akasema moyoni: kama Zein ametazama, pametazamwa. Mtu yule hawezi kushindwa na kitu kidogo. Akilileta gari kwangu, basi ugonjwa ni mkubwa, na uko ndani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu wagombane kumpa nduguye heshima yake yote.

"Mwambie babako nitalileta mwenyewe," alisema. "Mpaka pale gari linapofika, kisha nitaingia kwa miguu."

Uso wa Jana ukachangamka. "Leo?"

"Likishakuwa zima."

"Yeye adhani leo, ami. Kasema laasiri."

"Babako ni fundi. Yuwajua kazi haiendi kwa saa. Miadi ya hospitali ni lini?"

"Alhamisi."

"Basi kuna wasaa."

Jana akaaga akaenda kutafuta tuktuk.

Khubaib akaing'oa altaneta. Akaiweka mezani juu ya gazeti, akafungua skrubu moja moja na kuzipanga kwa mstari. Makaa, vile vipande viwili vinavyosugua katikati na kuchakaa kabla ya vyote, yalikuwa bado marefu. Beringi zilizunguka laini. Nyaya za shaba zilikuwa na rangi yake, hazijaungua. Kila alichokishika kilikuwa kizima. Mtu mwengine angeshuku kwamba mgonjwa si huyu. Yeye alizidi kuamini kwamba ugonjwa umejificha. Na kusema kweli hakuwa na haraka. Alisugua shaba kwa brashi ndogo mpaka ikang'aa, na huku akisugua alikuwa akipanga maneno. *Zein, lile gari nililiunguza mimi.* La, yaanze na nisamehe. *Nisamehe, Zein. Lile gari nililiunguza mimi, si wewe.* Akayasema kwa sauti pale mezani akaona yanasemeka.

Jioni Swabaha alimtilia chai akamtazama anavyokula bila kuona anachokula.

"Nenda tu, Khubaib."

"Niende na nini? Gari liko wazi, vyuma viko mezani."

"Nenda na miguu."

"Ningoje nimpelekee kitu kizima," alisema. "Kanipa kazi, Swabaha. Baada ya vile nilivyomwambia mbele ya watu, kanipa kazi. Nikaingie na habari kwamba imenishinda?"

Swabaha akainua vikombe akaenda zake jikoni.

Jumanne Khubaib alishuka kwenye duka la spea kununua regyuleta mpya, kile kidude kinachoamua altaneta itoe umeme kiasi gani. Ugonjwa usioonekana kwa macho, alisema, hapo tu ndipo unapoweza kukaa. Duka likawa halina ya aina ile, akaambiwa angoje iletwe kutoka ng'ambo ya pili. Alingoja mpaka adhuhuri. Aliporudi Kibarani simu ikalia. Ni Jana.

"Ami, baba yuwauliza kama ushaona ni nini."

"Mwambie bado natafuta. Nimeifungua yote."

Alimsikia Jana akirudia maneno yale kwa mtu aliye karibu. Kisha akasikia, kwa mbali, kicheko. Kilikuwa chembamba, kimechanganyika na kikohozi, lakini kilikuwa kicheko cha Zein; angekijua popote.

"Kacheka, ami," Jana alisema, na sauti yake ilijaa mshangao. "Sijamsikia akicheka tangu Shaabani. Kasema usijisumbue sana. Kasema ulirudishe tu lilivyo."

"Lilivyo vipi?"

"Kasema lilivyo."

Khubaib akaagana naye kwa adabu, kisha akaitupa simu juu ya vitambaa. Usijisumbue! Lirudishe lilivyo! Ndiyo kusema nduguye amempima kwa siku moja na kumwona ameshindwa? Damu ikampanda palepale ilipompandia miaka kumi na miwili iliyopita, maana hasira za mtu huyu hazikuzeeka pamoja naye. Akaapa hatalirudisha mpaka liwe jipya. Akatia regyuleta, na kwa kuwa altaneta ilikuwa wazi akaona abadilishe na beringi, zile zile nzima. Jua likazama bado hajamaliza kufunga. Laasiri ya pili ikapita hivyo.

Jumatano alitoka baada ya chai mapema kuliko siku zote. Akaizima simu akaiweka kwenye saraka ya meza, asije akaulizwa tena kama ameshaona. Akairudisha altaneta mahali pake, akakaza mkanda, akaunga nyaya, akawasha. Injini ikashika vizuri sana. Akachukua mita, akataja jina la Mungu, akagusa betri.

Kumi na mbili na nukta moja.

Aliketi kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, mguu mmoja nje. Alichoka mwili na akili. Kila kitu kilichoweza kuharibika ndani ya altaneta ile kilikuwa kizima au kipya, na gari lilikuwa lile lile la Jumatatu. Hapo, kwa kukosa pengine pa kutazama, akainama chini ya usukani akafungua kifuniko cha kisanduku cha fyuzi.

Fyuzi ikiungua haiendi popote. Hubaki mahali pake, uzi wake wa ndani umekatika, na ukiichomoa utaiona nyeusi. Lakini katika safu ya pili, pale inapokaa fyuzi ya kuiamsha altaneta, hapakuwa na fyuzi nzima wala iliyoungua. Palikuwa na tundu. Gari zima lilikuwa na vumbi la miaka, lakini pembeni mwa tundu lile vumbi lilifutwa, na alama ya kidole ilikuwa bado pale, safi.

Hakuna gari linalojichomoa fyuzi.

Khubaib alichukua moja kutoka kopo lake akaibonyeza mahali pake. Akageuza ufunguo hatua moja: taa nyekundu ya betri ikawaka, nzima, haijafa hata siku moja. Akawasha injini: taa ikazima. Mita ikapanda mpaka kumi na nne na nukta mbili ikatulia hapo.

Basi akaelewa yote kwa pamoja. Jumamosi Zein alibebwa mpaka garini, mtu asiyeweza kulala kwa pumzi, akainama nusu saa ili achomoe kifyuzi kimoja, kisha akasema gari lipelekwe kwa Khubaib na asiliguse mwengine. Alimpa ugonjwa ambao mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeuona, makusudi, ili amalize asubuhi na laasiri awe amelirudisha. Alikuwa akimwita. Hakuweza kusema *njoo*, kwa sababu yeye naye alikuwa mtoto wa baba yule yule, basi alisema kwa njia wanayoijua wote wawili.

Khubaib alicheka. Alicheka peke yake ndani ya gari mpaka wenye vibanda vya jirani wakatoa vichwa. "Yeye ni mwerevu kunishinda," alisema, "tangu udogoni ni mwerevu kunishinda!" Hakufunga banda. Alivuta tu mlango, akamwambia jirani amtazamie, akaendesha kuingia mjini akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu aoe. Makupa kulikuwa na msongamano, naye hakumpigia mtu honi. Alikuwa na la kusema na alikuwa ameshajua litaanzia wapi, na baada yake wangecheka pamoja kwa siku mbili za altaneta, na Zein angemwambia mjinga, na angekuwa na haki.

Akaegesha karibu na Markiti, kwa kuwa vichochoro vya Kuze havipiti gari, akatembea. Hakulisikia goti.

Alipokata kona ya uchochoro wa tatu akaona mabenchi.

Yalikuwa yamepangwa ukutani pande zote mbili, na wanaume wameketi, kofia kichwani, hawasemi. Wengine walisimama walipomwona. Mzee mmoja wa msikitini akamjia mbele akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Khubaib, twakupigia simu tangu saa tatu. Swabaha kamtuma mtu Kibarani, bila shaka mmepishana ndiani. Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Yote ni ya Mungu, bwana."

Alimtazama mzee yule kama asiyejua lugha. Kisha akasema, "Gari lake limepona," na ndilo neno pekee alilolipata.

Walimwingiza ndani. Wanawake walikuwa chumba cha pili, na Ummukulthum akazungumza naye akiwa nyuma ya pazia kama inavyopasa. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia.

"Shemeji, pole."

"Pole ni kwako, Ummu."

"Saa mbili na nusu kaomba maji. Kanywa mafunda mawili, kaegemea mto, basi." Halafu akasema, pasipo ukali wowote, na kukosa ukali huko ndiko kulikomuumiza zaidi, "Alikungoja Jumatatu. Kanambia nipike mahamri na mbaazi ya nazi, na nimvishe shati jeupe. Kasema, 'Khubaib atakuja laasiri, nimempa kitu cha kufungua mato tu akakiona.' Tumeketi mpaka magharibi. Nikamvua shati nikalikunja. Jumanne tena kalitaka, nikamvisha."

Khubaib aliegemea ukuta.

"Tulipokupigia ukasema umeifungua yote, kacheka mpaka nikaogopa. Nikamuuliza wacheka nini. Kasema, 'Maskini kaka yangu. Yuwanidhania mimi fundi mkubwa mno.' Usiku kafurahi, shemeji. Lakini asubuhi kauliza tena kama umefika."

"Simu niliizima," Khubaib alisema.

Nyuma ya pazia ilisikika sauti ya Jana, akilia kwa kuziba mdomo.

Mzee wa msikitini akaja akamgusa bega. Maziko yalikuwa baada ya laasiri, na maji yalikuwa tayari. "Wewe ndiye nduguye wa damu, na huyu hana mtoto wa kiume. Ni haki yako kumwosha. Ukiona huwezi, sema, haina aibu."

"Naweza," alisema.

Alinawa kwanza kwenye mfereji wa uani, akasugua kwa sabuni na dodoki mpaka ngozi ikawa nyekundu, mzee akingoja bila kumharakisha. Kisha akaingia chumba walichomlaza. Pazia zilifungwa, majani ya mkunazi yalikuwa yametiwa katika maji, na Zein alikuwa juu ya kitanda cha kuoshea amefunikwa shuka kutoka kitovuni. Alikuwa amekonda kuliko Khubaib alivyofikiria. Miaka yote ile alimwona kwa mbali, ndani ya kanzu, na hakujua. Mikono tu haikubadilika. Vidole virefu, vimetulia, kama vya mtu anayengoja apewe waya.

Mzee akamwonyesha: aanze upande wa kulia, amwage polepole, asimwage usoni kwa nguvu. Khubaib akachota kopo la kwanza. Akainama karibu na sikio la nduguye, maji yakishuka begani, akasema yale aliyoyapanga mezani Kibarani, na akayasema sawasawa, neno kwa neno, kwa sauti ambayo mzee aliye karibu aliisikia akageuza uso.

"Nisamehe, Zein. Lile gari nililiunguza mimi, si wewe."

Yalikuwa hayo tu. Alipomaliza kuyasema, kopo bado lilikuwa na maji nusu.